Boti Yetu ya Siku Tatu

Kuna mwendesha boda katika steji yetu hapa Njiru ambaye siku hizi huvaa jaketi la boti la kujiokolea. Lile la rangi ya machungwa, lenye mikanda mitatu kifuani na filimbi begani. Alilichagua kwenye mtumba, akasema linakinga baridi ya asubuhi kuliko sweta mbili, na tena magari yanamwona kutoka mbali. Wenzake wanamwita Nahodha na kumuuliza Kangundo Road itafurika lini. Mimi pia nilicheka siku ya kwanza. Siku ya pili nilikuwa nimechelewa, nikapanda pikipiki yake, pua yangu ikawa karibu kabisa na mgongo wake, na ile harufu ikanifikia: mpira uliokaushwa na jua, chumvi, na dizeli ya zamani. Tulipofika nilishuka nikaanza kuondoka bila kulipa. Akaniuliza, "Mathe, uko poa?" Nikamwambia niko poa, ni jua tu. Hakukuwa na jua.

Wiki hiyo hiyo chama chetu kilikuwa kinapanga safari ya Desemba. Akina mama kumi, kukodi boti nzima kule kusini mwa pwani, kuzunguka visiwa, kuogelea, kula kamba na kupiga picha za kuwaudhi mashemeji. Kwenye kundi la simu walikuwa wananiuliza mimi kila kitu, kwa sababu miaka yote nimejitapa kwao kwamba familia yetu ilikodi boti yake yenyewe nikiwa na miaka minane. Ni kweli tulikodi. Hiyo ndiyo shida yangu na hadithi hiyo: hakuna neno hata moja ndani yake ambalo ni la uongo.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Kayole, ghorofa ya tatu, chumba kimoja kikubwa kilichogawanywa kwa pazia. Mama aliuza vitunguu kando ya Spine Road. Baba alikuwa fundi katika karakana ya reli, na kusema ukweli nilimjua kwa vitu vyake kuliko kwa sura yake. Alitoka kabla sijaamka na kurudi nimeshalala, na Jumapili alilala yeye. Nilijua amekuwepo nikiona buti zake mlangoni, taulo lenye harufu ya grisi, na sahihi yake katika madaftari yangu. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitaka kila mzazi aandike "Nimesoma" chini ya insha iliyosahihishwa, kisha atie sahihi. Baba aliandika hivyo kila juma kwa kalamu yake ya wino mweusi. Sikuwahi kuamini kwamba anasoma. Nani angesoma insha ya mtoto baada ya kushinda chini ya mabehewa?

Mtu mzima niliyemwona mchana alikuwa Baba Mdogo Simiyu, kitinda mimba wa kwao Baba, aliyekuja kutoka Bungoma kutafuta kazi na kulala kwenye kochi letu. Kazi haikupatikana haraka, kwa hiyo alikuwa wetu sisi watoto. Ndiye aliyekata alama ya nyumba yetu kwenye ndara, zile kandambili za mpira. Waliokulia plotini, kwenye vyumba vya kupanga, wanajua jambo hili. Choo na bafu vilikuwa mwisho wa korido, vya nyumba nane, na ukiacha ndara mlangoni bila alama umeitoa sadaka. Nyumba ya pili walikata nusu mwezi penye kidole gumba. Nyumba ya tano walitoboa tundu kwa msumari wa moto. Sisi tulikuwa na pembetatu kisiginoni, na Baba Mdogo aliikata kwa wembe, ulimi umemtoka nje kama mtoto anayejifunza kuandika.

Alicheza pia brikicho nasi. Kwa wasioujua mchezo huu, anayetafuta hufunika macho ukutani na kuita, "Brikichooo!" Ambaye hajapata pa kujificha hujibu, "Bado!" Anaita tena, wanajibu tena, hadi aite asisikie jibu. Kimya kikiingia, maana yake watu wako tayari, njoo uwatafute. Baba Mdogo alikuwa na miaka ishirini na kitu lakini alijificha kwa bidii kuliko sisi. Aliingia kwenye pipa la maji lililopasuka kule juu ya paa. Alisimama nyuma ya mashuka ya Mama Ciku, miguu imefichwa kwenye karai. Hakuna aliyewahi kumpata. Tulipochoka alitoka mwenyewe akicheka, na kutuuliza kama tumekata tamaa.

Kisha akapata kazi pwani, ya kupika kwenye boti ya watalii. Aliondoka na fulana ya manjano ya timu ya mtaa na ndara zake za bluu miguuni, akasema huko anakoenda viatu ni mzigo. Alikaa kule miezi michache tu. Siku moja mwenye duka la chini alimwita Mama kwenye simu, na Mama akarudi akipanda ngazi polepole, akikaa kila ghorofa.

Nilichoambiwa ni hiki: Baba Mdogo haonekani, tunaenda pwani kumtafuta. Mtu mzima angeelewa. Mimi niliisikia habari hiyo kwa masikio ya mtoto wa plotini, nikajua bila shaka yoyote kwamba mchezo umeanza, na safari hii uwanja ni bahari yote. Hawakuniambia kwamba alikuwa ametoka na wenzake wawili kwa kiboti kidogo, kwamba upepo wa kusi uliwapindua, na kwamba wale wawili walirudi. Hawakuniambia kwamba waliokuwa wakimtafuta walishaacha. Ilikuwa likizo ya Agosti, hapakuwa na mtu wa kuachiwa mimi, na Mama alikuwa amekataa katakata Baba aingie baharini peke yake. Ndivyo nilivyokwenda pwani.

Ufuoni kulikuwa na vijana wenye picha za visiwa zilizofunikwa kwa plastiki, wakiwaonyesha watalii pomboo na samaki wa rangi. Baba alisimama katikati yao na buti zake za kazi zimejaa mchanga. Mtu mmoja wa makamo, aliyesema anaitwa Nahodha Athmani, akamuuliza angependa kuona visiwa vipi. Baba akasema vyote. Yule bwana akacheka, akaanza kumweleza kwamba havimaliziki kwa siku moja, na Baba akatoa picha ya Baba Mdogo mfukoni. Kicheko kikaisha hapo hapo. Wakaenda kando, nikaona nahodha akimshika Baba mkono na kukaa nao muda mrefu bila kuuachia. Aliporudi aliwaambia vijana wake, "Boti hii ni yao peke yao, siku tatu. Mtu yeyote akiniuliza, mwambieni imekodiwa."

Yao peke yao! Sijui kama naweza kueleza maneno hayo yalivyoniingia. Kule Kayole hatukuwa na kitu cha peke yetu, hata choo. Na sasa kulikuwa na boti nzima, yenye turubai la bluu juu na mabenchi ya mbao, na nahodha aliyenifunga jaketi la machungwa kwa mikono yake na kuniruhusu nipulize filimbi mara moja. Mama alivaa lake hadi shingoni na hakulivua siku zote tatu, hata tuliposhuka nchi kavu, hata alipokuwa anakula. Nilimwonea aibu kidogo.

Lakini si boti iliyonilevya. Ni Baba. Alikaa kando yangu mchana kutwa, akanishika mkono, na nikagundua kwamba ana kovu la moto kwenye kiganja ambalo sikuwahi kuliona. Nilimuuliza, akanieleza lilivyopatikana. Nilimuuliza kitu kingine, akanijibu tena. Aliniambia jinsi yeye na Simiyu walivyokuwa wakiogelea mtoni kwao, na Simiyu akikaa chini ya maji hadi kaka zake wakaanza kulia, kisha anaibuka upande wa pili. Alisema hivyo huku akiangalia maji. Nilicheka sana. Nilifikiri anataka nicheke.

Siku ya kwanza tulikwenda visiwa viwili vyenye watu. Baba alishuka na ile picha, akasalimia, akaionyesha mlango kwa mlango. Wanawake wakatutandikia mkeka, wakatuletea wali na samaki, na kutupa pole nyingi ambazo nilidhani ni za safari. Nilijiambia kumbe ndivyo watu wenye boti yao wanavyopokewa. Njiani kurudi nilisinzia kwenye mapaja ya Baba, na nilipoamka hakuwa amesogeza mguu.

Siku ya pili asubuhi tulishuka kwenye kisiwa kisicho na watu. Upande wa nyuma, unaotazama bahari kuu, ufuo ulikuwa umejaa vitu vilivyoletwa na maji: chupa, kamba, vifuniko, na ndara. Ndara za kila rangi, mamia kwa mamia, na hakuna iliyokuwa na mwenzake. Baba na nahodha walikwenda upande mmoja wakikagua miamba. Mama alibaki kivulini karibu na boti. Mimi nikajipa kazi ya kutafuta pea, kwa kuwa niliona ni vibaya ndara zote zile kukaa bila wenzao.

Niliipata chini ya chupa ya mafuta. Ya bluu, imefifia kidogo, na kisiginoni ina pembetatu. Nikavua ndara yangu ya mguu wa kulia nikaiweka juu yake kulinganisha. Pembetatu kwa pembetatu, mkato ule ule wa wembe.

Furaha niliyoipata pale sijaipata tena, si siku ya harusi yangu wala siku nilipojifungua. Mtu ambaye plot nzima haikuwahi kumpata, nilikuwa nimempata mimi! Nyuma ya ufuo kulikuwa na mikoko, mizizi imeshikana, matope chini yake. Nikaenda hadi matope yanapoanzia. Nikafunika macho kwa viganja, kama sheria inavyotaka, na kuita kwa sauti ya chini wakubwa wasinisikie. "Brikicho." Nikasikiliza. Kaa walikuwa wanatembea kwenye mizizi. Nikaita mara ya pili. Kimya. Nikaita mara ya tatu, na ndani ya kile kimya nilihisi, na hata leo nikiwa na akili zangu timamu nahisi, kwamba kuna mtu aliyezuia pumzi.

Alikuwa tayari. Kilichobaki ni kwenda kuwaita. Nikageuka nikamwona Baba kule mbali kwenye miamba, mdogo, suruali imekunjwa hadi magotini, na hapo ndipo nilipofikiri. Mimi si mtoto aliyekuwa hajui kufikiri. Baba Mdogo akipatikana, kazi imekwisha. Boti itarudishwa. Tutapanda basi. Baba atarudi karakana na mimi nitarudi kwenye buti mlangoni na taulo lenye grisi. Nikajiambia kwamba Baba Mdogo ni hodari wa kujificha, anaweza kungoja. Nitawaambia kesho, siku ya mwisho. Nikaizungushia sweta ile ndara, nikaiingiza kwenye mfuko wangu, chini kabisa.

Waliporudi, nahodha alitazama maji, akasema yanakupwa upesi. Alieleza kwamba tukikawia boti itakwama hadi jioni, na kwamba kuingia kwenye mikoko ile kunahitaji kungoja maji yajae tena. Yeye yuko tayari kungoja. Alisema maneno ambayo sijayasahau: "Kama kuna sababu ya kukaa, ndugu yangu, tukae. Kama hakuna, twende visiwa vya juu kungali mapema."

Baba akamtazama Mama. Mama akatikisa kichwa. Kisha Baba akachuchumaa mbele yangu, uso wake sawa na wangu, macho yamekuwa mekundu kwa chumvi.

"Nafula, wewe ulikuwa huku nyuma. Umeona kitu chochote?"

"Sijaona kitu, Baba."

Akaniinua, akaniweka kwenye boti. Tukaenda visiwa vya juu.

Siku ya tatu bahari ilichafuka na nahodha akasema hawezi kurudi upande ule wa nje. Mpango wangu ukaharibika hivyo hivyo, kirahisi. Ningeweza kusema hata wakati huo. Niliogopa kwamba ningeulizwa kwa nini sikusema jana, basi nikanyamaza, na saa zilivyozidi kwenda ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kufungua mdomo. Jioni nahodha alitufungua majaketi. Baba alianza kumshukuru, akaishia njiani, akageuka upande wa bahari. Nilidhani amehuzunika kwa sababu boti imekwisha. Nilimhurumia, nikamshika mkono, nikamwambia tutakodi nyingine.

Kutoka pale tulikwenda Bungoma moja kwa moja. Kwetu, mtu ambaye mwili wake haukupatikana huzikwa kwa mgomba. Waliukata wenye urefu wake, wakauvika shuka, wakaulaza kwenye jeneza, na watu wakaulilia. Niliona kila kitu kwa sababu nilikuwa nimepenya mbele. Kila mtu alikuwa anasema kwaheri Simiyu, na mimi nikijua waziwazi kwamba mle ndani kuna mgomba na Simiyu yuko nyuma ya mikoko, anangoja. Hapo ndipo mchezo ulipoanza kunitisha. Sikuwa bado naamini amekufa. Nilianza kuogopa kwamba amenikasirikia.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu akatupa insha: Likizo niliyoifurahia. Niliandika kurasa mbili. Niliandika turubai la bluu, filimbi, wali na samaki, kovu la Baba. Na kwa kuwa kitu kikikujaa hutafuta pa kutokea, niliandika pia ile ndara. Mwalimu alinipa alama za juu kuliko wote, akanitaka niisome mbele ya darasa, na kwa muhula mzima nilikuwa yule msichana wa boti. Nilipeleka daftari nyumbani, nikaliacha mezani, na asubuhi nikalikuta limetiwa sahihi kama kawaida.

Siku chache baadaye niliingiza mkono kwenye katoni iliyokuwa chini ya kitanda changu, nilikoficha ndara. Sweta ilikuwepo, imekunjwa vizuri. Ndara haikuwepo.

Sikumuuliza mtu. Ningemuulizaje? Nilijua ni nani aliyekuja kuichukua. Alikuwa amechoka kungoja, akatoka mwenyewe kama alivyotoka siku zote, akapita kati ya vitanda vyetu tukiwa tumelala, akainama karibu na kichwa changu na kuchukua kilicho chake. Nimeolewa, nimezaa, nimesoma hadi chuo kikuu, na bado silali na mguu nje ya blanketi. Nikikosa usingizi huwa nasikiliza, na kama nyumba iko kimya kabisa huamka nikawasha bomba la jikoni, ili kuwe na sauti. Mume wangu anadhani ni mambo ya presha.

Muhula ule ule Baba alisafiri siku tano, tukaambiwa ni safari ya kazi. Alirudi midomo imepasuka na shingo imebabuka. Na baada ya hapo akaanza kuingia nyumbani saa kumi na moja jioni, jua lingalipo. Mtaani walisema amepunguzwa kazini, na ni kweli alikuwa ametolewa kwenye ufundi na kuwekwa stoo kuhesabu boliti. Aliketi na mimi mezani nikifanya kazi ya shule. Alinipeleka Makadara Jumamosi kutazama mpira. Nilikuwa na baba mchana, kile kile nilichokitaka, na nilikifurahia huku nikimwonea huruma kwa kushushwa cheo. Alifariki miaka minne iliyopita. Amezikwa kando ya ule mgomba.

Desemba hii, badala ya kwenda na chama, nampeleka Mama nyumbani tukajengee makaburi yote mawili, simenti na vigae. Mama anakaa nami sasa, na kwa wiki nzima alikuwa anagombana na fundi kwa simu, akimkataza asichimbe msingi upande wa miguu wa kaburi la Simiyu. Fundi alidhani ni uzee. Mimi pia.

Jumapili iliyopita, baada ya ile safari ya pikipiki, nilimkuta ameketi uani akichambua mboga za managu. Nikavuta kigoda nikakaa karibu naye. Nikaona kwamba sitaweza kusimama mbele ya vigae vile na hili jambo likiwa bado kinywani. Nikamwambia yote. Ufuo, pembetatu, brikicho, swali la Baba na jibu langu. Nililia kama mtoto, na yeye hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akatupa bua kwenye ndoo.

"Najua," akasema.

Sikuelewa. Nikamuuliza anajua nini.

"Baba yako alisoma daftari. Alikuwa anasoma yote, Nafula. Hata akiwa amesinzia, mimi ndiye nilikuwa namshikia taa. Siku hiyo alisoma mara mbili, akaenda chini ya kitanda chako akaitoa. Akakunja sweta yako."

Alinieleza polepole. Ile haikuwa safari ya kazi. Baba alirudi pwani peke yake, akamtafuta Nahodha Athmani, wakakodi boti ile ile hadi kisiwa kile, wakangoja maji yajae na kuingia kwenye mikoko. Upepo ulikuwa umeshageuka na maji yalishakwenda na kurudi mara nyingi. Walikuta fulana ya manjano imenasa kwenye mizizi. Hawakukuta kingine. Kutoka hapo Baba hakuja Nairobi, alikwenda Bungoma, akachimba kidogo upande wa miguu, mchana, bila kuita mtu, akaweka fulana na ndara pamoja.

Nilimuuliza swali ambalo nimelibeba tangu nilipoanza kuelewa mambo. Nilitaka anidanganye, na nilijua hatanidanganya.

"Kama ningesema siku ile, tungempata?"

Mama alifuta mikono kwenye leso. "Nahodha alisema ndiyo. Siku ile Simiyu alikuwepo pale."

Nje ya geti watoto wa majirani walikuwa wanacheza kitu chenye kelele, nikashukuru kwa zile kelele. Nikamuuliza kama Baba alinikasirikia. Mama akasema alikaa kitandani na lile daftari hadi uji ukapoa, na alipofungua mdomo alisema jambo moja tu: "Mama Nafula, huyu mtoto anadhani mimi huonekana likizo peke yake." Kesho yake akaenda kuomba kazi ya stoo. Alimwapisha Mama asiniambie hadi nitakapouliza mwenyewe, kwa sababu, alisema, mtu akijificha humtoi kwa nguvu.

Aliinuka, akaingia chumbani kwake, akarudi na lile daftari. Jalada lake lilikuwa limekwisha. Nilikuwa nimesahau jinsi nilivyoandika, herufi kubwa kubwa, zimeegemea mbele. Nikapita turubai, nikapita filimbi, nikafika pale: "Niliona ndara ya Baba Mdogo nikaificha, lakini sikusema. Ningesema tungerudi Kayole, na Baba angerudi kazini, na mimi nisingemwona tena mchana."

Mwalimu alikuwa ameweka alama ya vema kwa wino mwekundu na kuandika, "Ubunifu mzuri." Na chini yake, kwa wino mweusi, kulikuwa na lile neno la kila juma, ambalo nililiona asubuhi ile nikafunga daftari na kwenda shule.

Nimesoma.